Kabla Hujafuta Picha za Harusi

"Dada, imejaa tena."

Kaka huyu anahariri video za watalii, ofisi yake iko jirani na Mnara wa Saa, na hii ilikuwa mara ya tatu ananiletea laptopu ileile kibandani kwangu Ngarenaro, Arusha. Diski yake ni SSD, zile za kisasa zisizozunguka, ya GB 256. Windows inaionyesha kama 238, na hilo peke yake huwa kesi, maana wateja wengi wanaamini wamepunjwa dukani. Hawajapunjwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, tofauti ndiyo hiyo.

Siku hiyo ilikuwa imebaki GB 1.9. Nikamuuliza keshafuta nini. Akanihesabia kwa vidole: nyimbo, filamu mbili, michezo ya mtoto, na folda ya picha za harusi yake, "kama GB 4 hivi." Pipa la taka nalo akalimwaga. Wiki mbili baadaye, ule mstari wa Windows unaoonyesha nafasi ya diski ukawa mwekundu tena.

Mimi sifuti kitu kabla sijapima. Mtu akianza kutafuta kilichojaza diski, huanza na vitu anavyovijua kwa sababu ndivyo anavyoviona: picha, nyaraka, muziki. Mlaji mkubwa, kwa nilivyozoea, amejikalia kwenye folda ambayo mwenye mashine hajawahi kuifungua maishani.

Cha kupimia ninatumia programu iitwayo WizTree. Haipiti folda moja baada ya nyingine. Kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, inakwenda moja kwa moja kwenye MFT, daftari ambamo kila faili limeandikwa jina na ukubwa wake, kwa hiyo sekunde chache tu imemaliza. WinDirStat nayo ni nzuri na ni ya bure. Zote zinakuchorea diski nzima kama shamba lililogawanywa vipande, kila faili kipande chake, na kikubwa kinaonekana kikubwa. Mchoro huo alibuni Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwaka 1990, akiwa na shida yetu hiihii: diski ya maabara yao ilikuwa na MB 80, inatumiwa na watu 14, na imejaa. MB 80! Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde ingeimaliza diski ile kwa sekunde sita na ushee, simba hajamaliza hata kupiga miayo.

Basi tukapima, mimi na yeye tumekodolea kioo. Users GB 163. Windows 27. Program Files 21. Kisha mafaili mawili ya Windows yenyewe: hiberfil.sys 6.4, pagefile.sys 9. Ndani ya Users, video zake zilikuwa 49 tu. AppData ilikuwa na 96, na AppData ni folda iliyofichwa. Nikaifungua, nikashuka ngazi baada ya ngazi mpaka Media Cache Files: GB 71.

"Hii nini? Mimi sijaweka hii."

Kweli hakuiweka yeye. Programu ya kuhariria, kila ukiiingizia video, huifungua sauti yake na kuandika nakala isiyobanwa ili ukicheza isikwame. Kazi ikiisha, ukahamishia video kwenye diski ya nje, nakala zile zinaweza kubaki palepale. Misimu miwili ya watalii ilikuwa imelala mle. Kuzifuta hakuna hasara, ilimradi programu uwe umeifunga. Ukifungua mradi wa zamani itazitengeneza upya, utasubiri kidogo. Tukazifuta, kisha tukaihamishia folda hiyo kwenye diski ya nje kupitia mipangilio ya programu yenyewe.

Sasa jumlisha zile namba: 163, 27, 21, 6.4 na 9 ni kama 226, lakini Windows inasema zimetumika 236. Hizo kumi zimekwenda wapi? Hapa mafundi wengi hukata tamaa. Ziko kwenye System Volume Information, ambako Windows inaweka nakala za kurejeshea mfumo, na mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuchungulia humo. Andika vssadmin list shadowstorage kwenye dirisha la amri ulilolifungua kama msimamizi, utaambiwa ni kiasi gani. Kwa huyu kaka nikapunguza kikomo chake, sikuzima. Siku sasisho likiharibika atazihitaji.

Hiberfil.sys ni ya kuihifadhi kompyuta ikilala usingizi mzito, na kwa kawaida hula asilimia 40 ya RAM. Amri ya powercfg /h off inaiondoa. Yeye umeme ukikatika anautegemea sana usingizi huo, nikaiacha.

Na tafadhali, WinSxS, folda ambamo Windows inaweka vipande vyake, usiiguse kwa mkono. Inaonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu mafaili yake mengi yana majina mawili katika folda mbili, nayo huhesabiwa mara mbili. Ukitaka kuipunguza, tumia DISM, amri ya Windows yenyewe.

Tulipomaliza zilikuwa wazi GB 77. Kaka akacheka, akatoa pochi, halafu akauliza kama nikitafutatafuta naweza kumrudishia picha za harusi, maana sasa nafasi ipo.

Kwenye diski ya kizamani ningejaribu. Kwenye SSD, ukifuta faili na kumwaga pipa, Windows hutuma amri iitwayo TRIM kuiambia diski kwamba vyumba vile havina mtu, nayo ikivisafisha hakuna programu itakayovisoma. Nilijaribu hata hivyo, jioni nzima. Yalirudi majina ya mafaili, yote 612, na kila moja ndani ni sifuri tupu.

Dada yake aliyeko Moshi alikuwa na picha kumi na moja kwenye WhatsApp, zile zilizobanwa. Ndizo nilizomwekea kwenye flashi.