Muziki haumponeshi kijana mwenye usonji, lakini mpeni cherewa ashike

Wazee wakija kwetu na kijana wao mwenye usonji (autism), hasa wakisikia tuna mazoezi ya muziki, suali la mwanzo ni lile lile, daktari atapona? Haponi, kwa sababu haumwi. Usonji sio maradhi wala sio shetani, ndio ubongo wake ulivyo tokea kuzaliwa na atazeeka nao. Nalisema mapema maana siku hizi mitandaoni watu wanauza kila kitu na muziki nao umeshaanza kuuzwa kama dawa. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2017, watoto 364 wa nchi 9, waliofanyiwa muziki dalili zao hazikupungua kuliko wenzao. Halafu 2022 wakakusanya tafiti 26 pamoja, hapo ikaonekana nafuu ipo kiasi, lakini wengi walikuwa watoto, sio barobaro wa miaka 19.

Na mie barobaro ndio wananishughulisha. Skuli ikisha anarudi ndani, wenzake wako maskani wanapiga soga na karata, yeye na TV tu.

Ndio maana napenda kidumbak, ile ngoma yetu ya Zanzibar. Mdundo unajirudia, kijana anajua kinachokuja, na ukishika cherewa, yale manyanga ya kutikisa, huhitaji kusema neno. Kuna mmoja alikuwa haingii ukumbini, anasimama mlangoni anajitikisa, wiki tatu nne hivi tukamuacha pale pale hakuna aliemvuta, siku hiyo akaja mwenyewe akakaa karibu na sanduku, lile besi la boksi la mbao lenye uzi mmoja, akaweka kiganja juu ya mbao, kumbe alikuwa anautaka ule mtetemeko wa uzi ukivutwa. Sasa hivi anapiga mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, zamu yake anaisubiri, na mwenzake akichelewa yeye ndio anaemtupia jicho. Mama yake aliona vile akatoka nje kulia.

Mnaotaka kuanzisha huko Wete au Makunduchi, watu sita saba wanatosha, siku ile ile saa ile ile, na iwepo pahala pa kwenda kutulia mtu akizidiwa. Akiziba masikio sio utovu wa adabu, kelele zinamuuma kweli. Anaejitikisa muacheni, ndio anasikiliza hivyo. Na muulizeni anataka nini, mwengine ngoma haimuhusu kabisa anataka kupanga viti na kuandika mahudhurio, basi naye mwanakikundi. Zile spika za harusini ndio tafadhali zibaki huko huko harusini.