APR kwenye kadi ya krediti ni nini hasa, na inavyokula keshibeki yako

Ukipata kadi ya krediti huku Marekani karatasi zake zinakuja na namba kibao, lakini ya kuangalia kwanza ni APR, yaani riba ya mwaka, na siku hizi kwa kadi nyingi imepita asilimia 20. Wengi wetu tukiiona tunadhani ni kitu cha kukatwa mwisho wa mwaka. Sivyo kabisa, benki inaigawa kwa siku 365 halafu inakupigia kila siku juu ya deni lililobaki. Tuchukue APR ya 24 maana hesabu yake ni nyepesi, ni kama asilimia 2 kwa mwezi, kwa hiyo deni la dola 1,000 likilala mwezi mzima linazaa riba ya karibu dola 20.

Sasa leta keshibeki hapo. Kadi nzuri inakurudishia asilimia 2, ukinunua vitu vya dola 1,000 unapata dola 20, tena mara moja tu. Deni likilala mwezi mmoja zile 20 zimeshaondoka, na mwezi wa pili unaanza kutoa mfukoni. Kwa hiyo mtu akikwambia kadi fulani ina pointi nyingi, yaani zawadi za manunuzi kama hiyo keshibeki, muulize kwanza kama analipa bili yote kila mwezi, kama halipi hizo pointi anazinunua mwenyewe, na bei yake ni kubwa.

Kinga ipo. Kadi nyingi zinakupa muda usio na riba, stetimenti, yaani bili ya mwezi, ikitoka una angalau siku 21 mpaka tarehe ya mwisho, na ukilipa salio lote la stetimenti hulipi riba hata senti kwa manunuzi yako. Lote lakini! Mimi mwaka wangu wa kwanza nilidaiwa 1,000 nikalipa 900 nikaona nimejitahidi, nikajua riba itakuwa ya ile mia tu, kumbe ukibakiza unapoteza ule muda wenyewe, basi chakula na mafuta ya gari niliyonunua mwezi uliofuata vyote vikahesabiwa riba tangu siku niliyoswaipu. Niliumia sana maana hiyo mia nilikuwa nayo kwenye akaunti, ningeambiwa mapema ningeilipa.

Kitu kingine ni malipo ya minimamu, yaani kiasi cha chini kabisa unachotakiwa kulipa kila mwezi. Benki nyingi zinaweka asilimia 1 ya deni pamoja na riba ya mwezi huo, yaani kwenye ile 1,000 yetu unatoa dola 30 hivi, 20 ni riba, deni linashuka dola 10 tu. Minimamu inakuepusha na faini ya kuchelewa, deni lenyewe inaligusa kidogo sana. Tangu sheria ya kadi ya mwaka 2009 benki inalazimika kukuandikia kwenye stetimenti itakuchukua muda gani kumaliza ukilipa minimamu peke yake, na ulipe ngapi kila mwezi ukitaka kumaliza kwa miaka 3. Kile kisanduku chenye maelezo hayo kisome jamani, watu wanakiruka.

Na hili ni la sisi tunaotuma hela nyumbani. Kutoa keshi ATM kwa kadi ya krediti hakuna muda wa bure, riba inaanza siku hiyohiyo, mara nyingi kwa APR ya juu zaidi, na ada ya kama asilimia 5 juu yake. Sasa ukituma kwa mama kupitia apu ukaweka kadi ya krediti, benki nyingi zinahesabu ni keshi pia, na keshibeki hupati. Kwenye apu weka kadi ya debiti au akaunti ya benki.