Vifuko vya maji kwenye kondoo wa Idd: maswali ninayoulizwa Tanga

Idd el Hajj ikikaribia, kondoo na mbuzi wanashushwa mjini Tanga kutoka Handeni na Kilindi. Baada ya kuchinja naanza kupokea picha za maini kwenye simu, na wengine wanakuja na ini lenyewe ndani ya mfuko. Haya ndiyo maswali yanayojirudia zaidi.

Bwana mifugo, tumechinja nyumbani, tukakuta kifuko cha maji kinaning'inia kwenye utando wa mafuta ya tumbo. Nyama yote tuitupe?

Hapana. Kifuko laini kama puto dogo, maji yake masafi, ndani kidoa kimoja cheupe: huyo ni mtoto wa tegu wa mbwa, mnyoo anayeishi utumboni mwa mbwa. Ukimla hageuki tegu tumboni mwako. Kata utando wenyewe bila kukipasua kifuko, na kama mnyama alikuwa mzima, nyama iliyobaki ni njema.

Na kifuko kikiwa kwenye ini au pafu?

Hapo usikate kitu, mwite mkaguzi wa nyama. Kile kifuko laini nacho hukaa kwenye ini, lakini kipo kingine chenye ukuta mnene, mweupe, kigumu ukikigusa. Hicho kinatoka kwa tegu mdogo sana wa mbwa, milimita chache tu, na ndiye ninayemhofia. Mayai yake yakiingia kinywani mwa binadamu, uvimbe kama huo huota kwenye ini au mapafu ya mtu. Unakua polepole, miaka na miaka, bila maumivu. Mgonjwa anapokuja kujua, mara nyingi habari inakuwa ya kupasuliwa.

Watu wengi hawajui kwamba ugonjwa huu haupatikani kwa kula pafu la kondoo. Mbwa ndiye anayelila bichi, tegu wanakomaa utumboni mwake, na baada ya wiki sita hivi anaanza kumwaga mayai kwenye kinyesi. Mayai hayo yanashika kwenye manyoya yake, kwenye mchanga wanapochezea watoto, kwenye tuta la mchicha. Kondoo anayala na majani. Mtu anayala na mkono usionawa.

Idd moja nilialikwa kwenye nyumba ambayo kondoo alikuwa keshaning'inizwa. Chini ya mwembe wamelala mbwa koko watatu, wanasubiri. Kijana akatoa pafu lenye vifuko viwili, akalirusha upande wao. Nililiwahi mimi kabla ya mbwa, wenyeji wakabaki wananitazama. "Sisi hatufugi mbwa," mzee wa nyumba akaniambia. Ni kweli hawafugi. Lakini mbwa wa mtaa ukimlisha siku moja, kinyesi chake kitabaki mtaani kwako.

Mbona machinjioni wanakata ini vipande vipande, wakati mwingine wanalitupa lote?

Mkaguzi anatafuta mirija ya nyongo. Ikiwa imekuwa minene na migumu, akiikata hutoka minyoo bapa, umbo na urefu kama jani la mwarobaini. Kondoo huwapata kwenye majani ya majimaji wanakoishi konokono, mfano pembezoni mwa mashamba ya mpunga ya bonde la Mombo. Wakati mwingine hutoka tegu weupe kama tambi. Hao hawamdhuru mlaji, ila ini lililojaa minyoo si la kumuuzia mtu.

Kwa nini basi wakati mwingine wanakataa nyama yote ya kondoo?

Kwanza neno lenyewe: kondoo aliyechinjwa, kwenye karatasi za ukaguzi huitwa "mzoga", neno ambalo kwetu Pwani ni nyamafu. Mkaguzi hamaanishi hivyo, anasema mwili wa mnyama aliyechinjwa.

Mwili huo unakataliwa wote kama madhara yameenea. Kuna tegu wa mbwa ambaye watoto wake hujificha kwenye nyama yenyewe: moyo, ulimi, mashavu, kiwambo cha kifua. Wakifa wanakuwa punje ngumu kama choroko, kisu kikipita unasikia kinakwaruza. Punje chache huondolewa, zikitapakaa nyama yote inakwenda. Binadamu hawaambukizwi nazo, lakini mfugaji kapoteza mnyama.

Sababu nyingine ni kukonda. Minyoo wanaonyonya damu tumboni huwaumiza zaidi wanakondoo, kwa sababu kinga yao bado changa. Nyama inakuwa na majimaji, mafuta kama uteute. Ukienda mnadani, fungua ukope wa chini: ndani pawe pekundu. Pakiwa peupe, au chini ya taya pamevimba maji, mwache.

Nikimpa dawa ya minyoo wiki ya Idd?

Umechelewa. Dawa hukaa kwenye nyama, na kila chupa imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Zihesabu. Na vile vifuko, dawa ya kawaida ya minyoo haiviondoi.

Sasa tufanye nini na vilivyokataliwa?

Choma moto, au fukia kwenye shimo refu na uweke mawe juu, kwa sababu mbwa hufukua. Mwenye mbwa wa ulinzi asimpe ini, pafu wala matumbo mabichi. Achemshe mpaka katikati pasiwe na damu, na ampe mbwa dawa ya prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wa mifugo. New Zealand, nchi ya kondoo wengi mno, walishughulika hivyo na mbwa kwa miongo kadhaa, na mwaka 2002 wakatangaza kwa masharti kuwa ugonjwa wa ule uvimbe umekwisha kwao.

Mtoto wangu alicheza na mbwa siku ile ile ya kuchinja. Nimpeleke hospitali?

Mbwa aliyekula leo hatoi mayai leo. Mnawishe mtoto kwa sabuni, mkate kucha, kisha ulizia mbwa yule amekuwa akila nini miezi iliyopita. Kama hulishwa matumbo mabichi kila mara, mweleze daktari hivyo hivyo, ili mtoto akija kuumwa upande wa ini au kukohoa bila kupona, apigwe altrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua mapema.