Kukabili hofu huku ukiikubali: ERP na ACT katika tiba ya OCD

Kwa miongo kadhaa, tiba ya kisaikolojia inayopendekezwa kwanza kwa mtu mwenye OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na matendo ya kulazimika, imekuwa ni kumkutanisha na kile kinachomtisha huku akijizuia kufanya kile kinachomtuliza. Tiba hiyo hujulikana kwa herufi ERP. Siku hizi wapo wataalamu wanaoiendesha kwa mtazamo wa tiba nyingine, ACT, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita tiba ya kukubali na kujitoa kwa unachokithamini. Mchanganyiko huu hueleweka vibaya mara nyingi, kwa hiyo tuanze na ugonjwa wenyewe.

OCD huanza na wazo, picha au msukumo unaoingia kichwani bila kualikwa: huenda sikufunga mlango, mikono yangu imebeba maradhi, itakuwaje nikimchoma mwanangu kisu? Mawazo ya aina hiyo hayawapati wagonjwa peke yao. Mwaka 1978 wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kuwa watu wasio na ugonjwa wowote nao huyapata, na maudhui yake hayatofautiani sana na ya wagonjwa. Asiye na OCD hushtuka kidogo akaendelea na shughuli zake. Mwenye OCD huliona wazo kama onyo, au kama ushahidi kwamba yeye ni mtu mbaya, naye hutafuta namna ya kulizima. Atanawa, atarudi kukagua, atahesabu, atamuuliza mwenzake mara ya tano kama kweli mlango umefungwa. Wengine hufanya yote kimoyomoyo, bila hata anayelala naye chumba kimoja kujua. Nafuu huja, lakini ya muda mfupi, na ndiyo inayoulisha ugonjwa: kila mara ubongo hujifunza kwamba hatari ilikuwepo na kwamba kitendo kile ndicho kilichookoa.

ERP hukata mnyororo huo. Chimbuko lake ni kazi ya Victor Meyer, aliyeripoti mjini London mwaka 1966 wagonjwa wawili waliopata nafuu kubwa baada ya kukabilishwa na walichokiogopa na kuzuiwa wasifanye matendo yao. Baadaye Edna Foa na wenzake nchini Marekani waliijenga zaidi. Kwa kawaida mgonjwa na mtaalamu hupanga vinavyomtisha kwa daraja, kila kimoja kikipewa alama ya hofu kati ya 0 na 100. Kisha huanza na vinavyobebeka: mgonjwa anashika kitasa cha mlango, hanawi, anakaa hapo hapo. Maelezo ya zamani yalisema akae mpaka hofu ishuke yenyewe, na kushuka huko ndiko kupona.

Maelezo hayo yana tatizo. Michelle Craske na wenzake wamesisitiza kwamba kushuka kwa hofu ndani ya kipindi cha tiba si kipimo kizuri cha nani atapona baadaye. Mimi naona kuna tatizo la pili, la kibinadamu zaidi: ukimwambia mgonjwa kuwa lengo ni hofu iishe, unamwachia vita ile ile aliyokuja nayo. Atashika kitasa huku akijichunguza kila dakika, imeshuka? bado? Siku isiposhuka atajiona ameshindwa.

Hapo ndipo ACT inapoingia. Steven Hayes na wenzake wawili walichapisha maelezo yake kamili mwaka 1999. Nadharia yake ni kwamba kinachomfunga mtu zaidi ni jitihada za kuikimbia hofu, kuliko hofu yenyewe. Kukubali kunakosemwa humu si kukubaliana na wazo. Mama anayeogopa kumdhuru mtoto wake haombwi aseme "ndiyo, mimi ni hatari." Wala si kukata tamaa na kuishi na ugonjwa. Anaombwa aache wazo liwepo bila kulijibu, kulifukuza wala kulitafutia ushahidi, huku mikono yake ikiendelea kukata vitunguu mtoto akiwa pembeni.

Kwa nje, kipindi cha mchanganyiko hakitofautiani sana na ERP ya kawaida, maana kitasa ni kile kile na kunawa bado hakuna. Kinachobadilika ni mazungumzo. Badala ya "hofu yako sasa ni ngapi?" mtaalamu huuliza: "Uko tayari kiasi gani kuwa na hofu hii bila kupigana nayo?" Mgonjwa hufundishwa kulitazama wazo kama wazo, mathalani kwa kusema "nina wazo kwamba nimeambukizwa" badala ya "nimeambukizwa." Zoezi nalo hufungwa kwenye jambo analolithamini. Anashika kitasa kwa sababu anataka kuwakumbatia wanawe akirudi nyumbani, na hilo humpa sababu ya kuendelea hata siku ambayo hofu imegoma kushuka.

Je, mchanganyiko unashinda ERP peke yake? Mwaka 2010 Michael Twohig na wenzake walichapisha jaribio la watu wazima 79, ambapo vipindi 8 vya ACT visivyo na mazoezi ya kukabili vilileta nafuu kubwa kuliko mafunzo ya kulegeza misuli. Mwaka 2018 wakachapisha jingine la watu wazima 58, wakilinganisha ERP tupu na ERP iliyochanganywa na ACT, vipindi 16 kila upande. Pande zote mbili zilipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo anayeuza mchanganyiko huu kama tiba bora kuliko zote anatia chumvi. Ni njia nyingine ya kuifikia kazi ile ile, na huenda ikamfaa zaidi mtu aliyechoshwa na kuhesabu alama za hofu. Na kama mgonjwa anatumia dawa, hazizuii tiba hii.

Kuna mtego mmoja ambao OCD, kwa ujanja wake, huutega haraka. Mgonjwa anaweza kugeuza kukubali kuwa tendo jipya la kulazimika. Anarudia "nina wazo kwamba..." mara ishirini ili atulie, au anajikagua kama amekubali "sawasawa." Mtaalamu makini humuuliza maneno hayo anayasema kwa ajili gani. Yakiwa ya kuizima hofu, huachwa mara moja, na zoezi hurudiwa kimya.

Watu wa nyumbani nao huhusishwa. Mgonjwa akiuliza kwa mara nyingine kama mikono yake ni safi, hawamjibu ndiyo wala hapana, wala hawamgombezi. Humwambia kitu kama hiki, walichopatana naye mapema: "Naona wasiwasi umekuja tena. Njoo tuendelee na tulichokuwa tukifanya."