Ukifika kwa Vasa, anza chini

Wengi wanaoingia makumbusho ya Vasa, merikebu ya kivita ya Sweden, mjini Stockholm, hukimbilia tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye masimba na wapiganaji waliochongwa. Siwalaumu, mkono uliochonga vile ulikuwa wa fundi hasa. Ila mimi ni mhifadhi wa mbao za vyombo vya kale, na nakuomba ushuke kwanza. Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kisa cha merikebu hii kiko huko.

Ghorofa ya chini kabisa utasimama usawa wa mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Tazama tumbo lilivyo jembamba, kisha inua macho: juu yake kulipangwa sitaha mbili za mizinga, jumla 64. Farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, ilikuwa ya mawe, tani 120 hivi; haikuweza kuuzuia uzito ule, na kuiongeza kungeyashusha matundu ya mizinga karibu zaidi na maji. Kabla ya safari, watu 30 walikimbizwa sitahani upande hadi upande kuijaribu. Mara ya tatu iliyumba vibaya, jaribio likakatizwa. Safari haikukatizwa. Tarehe 10 Agosti 1628 upepo mwepesi uliilaza, maji yakaingia kwenye matundu yaliyoachwa wazi, ikazama baada ya mita 1,300 hivi.

Ilikaa huko hadi 1961. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo, na mdudu wa baharini anayetoboa mbao haiwezi. Ndiyo salama yake. Ilipotoka majini ndipo kazi ilipoanza. Ubao uliolowa karne tatu ukiachwa ukauke wenyewe hunywea na kupasuka, kwa hiyo ilinyunyiziwa polietilini glikoli, kitu kama nta kinachoyeyuka majini, kwa miaka 17, ili kishike nafasi ya maji ndani ya ubao.

Ajabu ni kwamba hata wageni waliitia mashakani. Kiangazi cha 2000 kilikuwa cha mvua, watu wakaingia na makoti yaliyolowa, unyevu ukapanda, na madoa meupe na ya manjano yakachipuka kwenye mbao. Ilikuwa asidi: salfa iliyonyonywa kwenye maji machafu ya bandari, ikichochewa na kutu ya bolti. Baadaye bolti zaidi ya 5,000 zilibadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu, na hewa ya ukumbini sasa hupimwa mchana na usiku.

Kwa hiyo kung'uta mwavuli wako mlangoni, uvae sweta, na uyape macho muda yazoee ule mwanga hafifu.