Sista wa chekechea: yasemwayo barazani na yalivyo

Mwanangu wa pili anasoma chekechea ya masista hapa Bagamoyo. Nikienda kumchukua mchana lazima nipite baraza la kahawa, na pale ndipo nilipoanza kusomeshwa kuhusu maisha ya Sista anayemfundisha, na wazee ambao hawajawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Sisi ni Waislamu, sikuwa na cha kuwajibu. Ikabidi nimuulize mwenyewe, kidogo kidogo, wakati anakusanya viatu vilivyosahauliwa mlangoni.

Eti masista ni watu walioachwa na wachumba. Hili ndilo linalopendwa kuliko yote, na husemwa kwa sauti ya huruma. Sasa hesabu mwenyewe. Kabla ya kuwa sista, msichana hupita hatua za malezi: huanza uaspiranti, kisha upostulanti, kisha unovisi. Sheria ya Kanisa inakataza kuingia unovisi kabla ya kutimiza miaka 17, na aliyeingia kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila, kuingia kwake ni batili. Unovisi haupungui miezi 12. Baada yake ni nadhiri za muda, miaka isiyopungua 3, na mashirika mengi ya masista hufika 6. Nadhiri za daima hazifungwi na aliye chini ya miaka 21. Uchungu wa kuachwa ungekuwa umeshapoa zamani, na mwenyewe yuko kwa mume mwingine na watoto wawili! Sista aliniambia walioanza naye wengi walirudi makwao, na mmoja bado humletea mahindi mabichi kila msimu. Kama aliwahi kuwa na mchumba sikumuuliza. Kulipa ada hakunipi haki hiyo.

Eti ni mapadre wa kike. Hapana. Haadhimishi Misa wala haungamishi, hana daraja la upadre. Hilo limekwisha.

Penye ubishi mkali ni pesa. Nusu ya baraza husema masista wanafanya kazi bure, nusu husema wana mali iliyofichwa. Sista mwenye cheti cha ualimu aliyeajiriwa hulipwa kama mwalimu mwingine. Ila amefunga nadhiri ya ufukara, pamoja na useja na utii, na kwa sheria yao anachokipata kwa kazi yake ni mali ya shirika. Kinaingia mfuko mmoja. Humo ndimo inamotoka sabuni, nauli ya kwenda kumzika mzazi, karo ya sista mdogo aliye chuoni, na dawa za masista wazee ambao miguu haiwabebi tena. Kwa hiyo shirika linaweza kuwa na shamba, shule na gari, na huyohuyo Sista akalazimika kuomba pesa ya kushonea kiatu. Pande zote mbili za baraza zilikuwa na nusu ya ukweli. Mimi lililonigusa ni hilo la nauli, kwa sababu nilidhani hawaruhusiwi kabisa kwenda kwao. Kumbe huenda likizo kama sisi, na dada zake wa tumbo moja humtuma sokoni kama kawaida.

Eti hawasomei, wanafundisha kwa baraka. Siku ya kwanza nilipochungulia darasani nami niliamini hivyo: watoto wanamimina maharage toka kikombe hiki kwenda kile, wengine wanapapasa herufi za karatasi ya msasa, Sista kakaa chini kwenye mkeka, kimya. Nikajiuliza ada yangu inanunua maharage? Kumbe hiyo ni Montesori, namna ya kufundisha watoto wadogo kwa kushika na kutenda, na kumimina ndiko kunakoulegeza mkono uje kushika kalamu, na kidole kinachopapasa herufi kinaijua kabla jicho halijaizoea. Si kipaji, ni kusomea. Kule Lushoto, mkoani Tanga, masista wanaendesha chuo cha walimu wa namna hii. Na hapa kuna kosa ndani ya kosa, maana wazazi wengi tunaona shule hizi mikononi mwa masista tukadhani Montesori ni jina la shirika lao, au la mtakatifu. Maria Montessori alikuwa daktari Mwitaliano, hakuwa mtawa, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua Roma mwaka 1907 kwenye mtaa wa maskini.

Eti mtoto atabatizwa kimyakimya. Hili sikulicheka, maana mama mkwe wangu hakulala kwa ajili yake. Sheria yao inataka mzazi, angalau mmoja, aridhie ndipo mtoto mdogo abatizwe, na pawe na tumaini kwamba atalelewa katika imani hiyo. Mwanangu saa nane yuko madrasa na juzuu yake, na Sista ndiye anayenikumbusha nisimcheleweshe. Lakini hofu hii haikuanguka toka mbinguni. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa 1868 na mapadre wa Roho Mtakatifu, na watoto wake wa kwanza walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi toka soko la Unguja. Hao hawakuwa na mzazi wa kuulizwa. Walibatizwa, wakafundishwa dini, kusoma na kazi za mikono, na walipokua wavulana na wasichana wa Misheni waliozana na kupewa makazi ya Kikristo hapohapo. Anayekumbuka hayo hakosei kukumbuka.

Historia hiyohiyo ndiyo inayovunja dhana ya mwisho, kwamba masista wa mwanzo pwani hii wote walikuwa mabibi wa Kizungu. Wa kwanza walishuka Unguja Desemba 1860, wakitoka kisiwa cha Réunion, koloni la Wafaransa katika Bahari ya Hindi: Mabinti wa Maria. Shirika lao lilianzishwa huko mwaka 1849 na Aimée Pignolet de Fresnes pamoja na Padre Frédéric Levavasseur, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani, Desemba 1848. Lilipokea weupe na weusi, binti wa mabwana na waliokuwa watumwa, wakavaa vazi moja na kula meza moja. Kwa kisiwa cha mashamba ya miwa hilo lilikuwa tusi. Masista wa shirika hilo ndio waliokuja kuwalea wasichana wa Bagamoyo, na nyumba yao ya zamani pale Misheni ndiyo makumbusho ya leo. Nimezaliwa Dunda, hapahapa Bagamoyo, nimeingia makumbusho yale mara sijui ngapi kutazama minyororo, na sikuwahi kujiuliza nani walilala humo.

Mwezi uliopita Sista alipata barua ya uhamisho. Barazani ikawa amefukuzwa, tena kwa fedha. Ni nadhiri ya utii tu: Mama Mkuu wa shirika akiandika, unahama, hata kama darasa limekuzoea na mwaka haujaisha. Nilimkuta anamwonyesha mwenzake mtoto yupi hulia akinyang'anywa kikombe cha bluu.

"Shikamoo Sista. Na wewe unataka kwenda?"

"Marahaba. Sitaki," akasema, akaendelea kuonyesha vikombe.