Psi 15 za Nairobi Si Psi 15 za Mombasa

"Turbo haisikii mwinuko." Kauli hii hurudi kila mtu anapoanza kuandaa Subaru Impreza au Mitsubishi Evo kwa siku ya uwanjani, na pacha wake huja papo hapo: "Gari likiwa zito, ongeza busti." Busti ni presha ambayo turbo huongeza juu ya ile ya hewa ya nje. Nimechoka kuijibu kauli hii kipande kipande. Leo naijibu yote kwa hesabu, kisha niseme pesa hiyo ya busti ingefaa iende wapi. Nitataja zaidi Subaru za injini ya EJ20 na EJ25 kwa kuwa ndizo zilizojaa hapa Nairobi, lakini hesabu ya presha ni ile ile kwa 4G63 ya Mitsubishi au SR20 ya Nissan.

Usawa wa bahari, hewa ina presha ya psi 14.7 (pauni kwa kila inchi ya mraba). Nairobi, karibu mita 1,700 juu, inabaki psi 12 hivi. Geji ya busti uliyofunga kwenye dashibodi husoma tofauti kati ya manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye silinda) na hewa ya nje, basi. Ikisoma 15 Mombasa, injini inapokea psi 29.7 kamili, yaani geji pamoja na hewa ya nje. Ikisoma 15 Nairobi, inapokea 27. Sindano imesimama pale pale, lakini silinda zimepoteza karibu asilimia 9 ya hewa. Injini isiyo na turbo ingepoteza asilimia 18, na hapo ndipo uvumi ulipopata mguu wa kusimamia: turbo hupunguza hasara. Haiifuti.

Sababu ya kutoifuta iko kwenye aktueta ya westigeti, kile kikopo kidogo ambacho hakuna anayekitazama, kinachofungua mlango wa kupitisha gesi ya eksozi kando ya turbo. Upande mmoja wa kiwambo chake kuna hewa iliyoshindiliwa na turbo. Upande wa pili kuna springi, pamoja na hewa ya nje. Springi haina namna ya kujua uko Nyali ya Pwani au Limuru ya milimani. Inapima tofauti tu, na tofauti ikifika kiwango chake mlango unafunguka. Kidhibiti busti cha kuzungusha kwa mkono kina upofu huo huo, kwa sababu kazi yake ni kuvujisha sehemu ya presha inayokwenda kwenye aktueta. Kompyuta ya Subaru ndiyo yenye akili hapa: inasoma presha ya hewa ya nje, na ina jedwali linalorekebisha lengo la busti kadiri unavyopanda. Fundi wa kutuni (kurekebisha mipangilio ya kompyuta) akilifungua jedwali hilo anaona linashusha busti mlimani, analijaza sifuri, mteja anafurahi. Hakuna anayeuliza kwa nini kiwanda kililiweka.

Kiwanda kililiweka kwa sababu kompresa, upande wa turbo unaoshindilia hewa, haifanyi kazi kwa psi za geji. Inafanya kazi kwa uwiano: presha inayotoka kugawanywa kwa inayoingia. Psi 15 Mombasa ni 29.7 kwa 14.7, uwiano wa 2.02. Psi 15 Nairobi ni 27 kwa 12, yaani 2.25. Kwa hiyo hata kabla hujagusa chochote, turbo yako tayari inafanya kazi ngumu kuliko ya jamaa wa Pwani mwenye geji inayosoma sawa na yako. Sasa unataka kurudisha ile asilimia 9. Utahitaji karibu psi 18 kwenye geji, na uwiano unaruka hadi karibu 2.5.

Tuugeuze uwiano kuwa joto. Chukua hewa ya nje ya nyuzi 25 na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70. Kwa uwiano wa 2.02 hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 120 hivi. Kwa 2.25 ni 136. Kwa 2.5 ni zaidi ya 150. Na hapo nimekuwa mkarimu, maana turbo ndogo kama TD04 ya WRX ikisukumwa hadi uwiano huo juu ya rpm 6,000 haibaki kwenye asilimia 70. Ikishuka hadi 65, unapita 160. Baada ya hapo inageuka mashine ya kupasha hewa moto: geji inapanda, nguvu haipandi, na eksozi inabanwa kwa sababu tabaini, upande wa turbo unaozungushwa na gesi ya eksozi, inadaiwa kazi zaidi.

Nikiri upande wa pili, maana upo. Hewa nyepesi ya nje huiachia tabaini nafasi ya kupumua, kwa hiyo kwa rpm za juu turbo huzunguka kwa urahisi kidogo kuliko unavyotarajia. Tatizo ni kwamba chini, rpm 2,500 hadi 3,500, gesi ya eksozi ni chache na turbo inachelewa kuamka. Ukizikutanisha hizo mbili unapata gari linalolala kwenye kona na kurusha teke kwenye mnyoofu, ambalo ndilo gari baya kuliko yote kwenye uwanja mfupi wenye kona za kubana kama Whistling Morans kule Athi River. Mtu wa namna hiyo hahitaji busti zaidi. Anahitaji turbo inayoamka mapema, au gia sahihi.

Hewa hiyo ya nyuzi 150 inapita kwenye interkula, kipozi cha hewa kabla haijaingia kwenye injini. Interkula ya juu ya injini, iliyolala juu ya turbo, ikitoa asilimia 70 ya joto lililoongezwa itashusha hewa hadi 63 hivi. Lakini hewa inayoipoza ni ile ile nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 18 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo 70 ni matumaini. Baada ya mizunguko mitatu ya kasi chuma chenyewe kimeshiba joto. Hapo pistoni za EJ25 zinaanza kuomba radhi. Detonesheni, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe badala ya kuwaka taratibu, hupasua kingo nyembamba zinazoshikilia ringi, mara nyingi kwenye silinda ya nne. Kwa nini ya nne, wenye taaluma hawakubaliani: wengine hulaumu njia ya maji, wengine mgawanyo wa petroli, wengine joto la upande ule. Mimi naona ushahidi wa kila maelezo una mashimo, na simwamini anayeuza dawa moja ya jambo hilo. Ninachokubali bila ubishi ni kwamba joto la hewa na petroli dhaifu vikikutana, silinda hiyo haina akiba.

Petroli, kwa ufupi: Impreza STI ya soko la Japani ilitegemea haioku, petroli ya oktani ya juu, inayouzwa kule kwa kawaida ikiwa oktani 100. Ya kwenye pampu zetu haifiki hapo. Ramani ya kompyuta ya Japani (majedwali ya petroli na cheche) iliyoachwa kama ilivyo, ikaongezewa psi 3, inaishi kwa hisani ya sensa ya detonesheni.

Sasa karatasi za daino (mashine ya rola inayopima nguvu ya gari), ambazo ndizo mama wa uvumi wote huu. Daino nyingi hurekebisha namba ziwe kama za usawa wa bahari, na fomula maarufu ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, iliandikwa kwa kudhani injini inapoteza nguvu sambamba na presha ya nje. Kwa hewa ya Nairobi kizidishi hicho kinakaribia 1.25. Injini iliyotoa farasi 280 kwenye rola inachapishiwa 350. Kwa injini isiyo na turbo, hesabu hiyo inaeleweka. Kwa turbo inayoshikilia psi 15 za geji, hasara halisi ni kama asilimia 10, na kwa kompyuta inayoshikilia presha kamili haizidi asilimia chache. Kwa hiyo farasi 40 na zaidi kwenye karatasi ile hazikuwahi kuwepo popote, wala Mombasa. Omba namba zisizorekebishwa. Fundi akikataa kukupa, tafuta daino nyingine.

Na kuna hatari ya kinyume. Ukifunga kidhibiti cha mkono psi 18 hapa, ukatuni hapa, kisha ukateremka Pwani kwa sikukuu, geji itaendelea kusoma 18. Lakini sasa ni 32.7 kamili, hewa asilimia 9 zaidi ya ile iliyotuniwa, kwenye joto la nyuzi 32. Injini inaingia sehemu za ramani ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu. Teremsha hadi 15 kabla ya kuondoka, au mwachie kompyuta kazi hiyo.

Kabla ya lolote, fanya kipimo cha bure. Washa swichi bila kuwasha injini, soma sensa ya manifoldi kwa kifaa cha uchunguzi. Nairobi inapaswa kusoma kilopaskali 82 hadi 83. Ikisoma 101, ambayo ni presha ya usawa wa bahari, kipimo chake hakiko sawa, na kila namba ya busti uliyoonyeshwa ni ya uongo. Kisha rekodi mzunguko kamili uwanjani: rpm, presha ya manifoldi, joto la hewa inayoingia, uwiano wa hewa na petroli, na marekebisho ya detonesheni. Kwa petroli yetu nataka uwiano wa 11.0 hadi 11.5 kwenye mzigo kamili. Kompyuta ikirudisha nyuma taiming (wakati wa cheche) zaidi ya nyuzi 2 mara kwa mara mahali pale pale, busti inashuka, haijadiliwi. Plagi ziwe baridi kwa namba moja, 7 badala ya 6 kwa NGK, nafasi milimita 0.7. Ukibadilisha bomba la hewa linaloshika sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) bila kutuni upya, umeharibu hesabu ya petroli. Usiniulize kwa nini gari limekonda, yaani hewa ni nyingi na petroli ni kidogo.

Pesa ya busti iende kwenye oili kwanza. Weka geji ya joto na ya presha ya oili kabla ya geji ya busti. Juu ya nyuzi 130, punguza mwendo. Kanuni ya zamani ya psi 10 kwa kila rpm 1,000, oili ikiwa moto, bado inafaa. Kupoza oili kunahitaji redieta ndogo yenye thamostati yake, la sivyo asubuhi ya Julai oili haitapata joto kabisa. EJ inabeba lita 4 na kidogo tu, na kwenye kona ndefu oili hukimbilia ukutani ikaacha mdomo wa bomba la kunyonyea unavuta hewa. Jaza hadi alama ya juu, weka sampu (bakuli la oili chini ya injini) yenye vizuizi, na badilisha bomba lile la kiwanda, maana hupasuka kwenye kiungo cha welding. Unene wa oili, 10W-50 au 5W-40? Nimeegemea 5W-40 bora inayobadilishwa baada ya kila siku ya uwanjani, ila sitagombana na wa 10W-50.

Maji: rudisha thamostati ambayo fundi aliitoa. Ya asili, si ya bei ya chini. Kifuniko cha redieta cha bar 1.1 hapa kinafanya maji matupu yachemke kwenye nyuzi 119 hivi badala ya 122 za Pwani. Kilichochoka hadi bar 0.7 kinakushusha hadi 112. Ni kifaa cha bei ndogo na watu hukisahau miaka kumi.

Breki nazo hupozwa na hewa hiyo hiyo nyepesi. Brembo za STI, diski za milimita 326 mbele, zinatosha kabisa. Kinachofeli ni mafuta na pedi. DOT 4 mpya huchemka kuanzia 230, iliyonyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 155. Badilisha yote wiki ya tukio, toa hewa kwenye pembe zote nne. Pedi mpya zilazwe kwanza: breki nane hadi kumi kutoka kilomita 100 hadi 20 bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kugusa pedali. Mzunguko wa mwisho uwe wa polepole, na ukifika piti usibaki umekanyaga pedali ya breki: pedi moto zikibana diski zilizosimama huacha alama, na usukani utatetemeka hadi Nairobi.